Ziwa Juu ya Meza

Kwa karibu miaka miwili nilikataa kumzika mke wangu, na muda huo wote nilikuwa Suna, katika chumba cha kupanga, nikijaribu kutengeneza maji. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asidhani nitaeleza ufundi tu. Ufundi nitaueleza, maana mwishowe niliujua vizuri, lakini chanzo chake kilikuwa ukaidi, na ukaidi wangu mimi watu wa kwetu wanaufahamu.

Nianze na treni. Homa Bay haina reli na haijawahi kuwa nayo, lakini mimi nilikuwa mtu wa reli huko kwa miaka tisa. Meli iliyotoka Kisumu ilikuwa chini ya shirika la reli, kwa hiyo kibanda cha tikiti pale gatini kilihesabiwa kuwa stesheni. Ungeweza kuja dirishani kwangu na kikapu chako cha kuku ukanunua tikiti ya meli na ya garimoshi kwa pamoja, hadi Nairobi. Nilikuwa na sare, nilikuwa na muhuri, nilikuwa na saa kubwa ya ukutani. Nilikuwa na kila kitu cha stesheni isipokuwa treni. Mke wangu alinicheka kwa hilo tangu wiki ya kwanza ya ndoa yetu. Watu walipomwuliza mumewe anafanya kazi gani, aliwajibu, "Anangoja treni."

Siku moja mkubwa wangu wa Kisumu alistaafu akaenda kuishi ng'ambo na wanawe. Hakutaka kubeba mizigo, akaniachia sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na treni ndogo: kichwa cheusi kirefu kama kidole changu cha kati, mabehewa manne, na vipande vya reli vya kutosha kuzunguka meza. Haikuwa ya kuchezea watoto. Ukiisogeza karibu na jicho uliona kila ngazi, kila taa, hata mlango wa tanuri. Ilikwenda kwa betri za redio. Mke wangu aliitazama ikizunguka sakafuni, akapiga makofi, akasema, "Haya, imefika. Siku utakapoifikisha gatini nitaacha mashua, niwe nasafirisha samaki wangu kwa treni yako." Alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua omena na mbuta wa kukaushwa Mfangano, akawaleta Homa Bay, akawauza. Hatukuwa na mtoto, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na kelele zake yeye tu, na zilitosha.

Mashua aliyopanda ilipinduka kati ya kisiwa na bara, mchana kweupe, kwa upepo uliokuja ghafla. Wengine waliogelea wakaokolewa. Wengine walipatikana baadaye. Yeye hakupatikana. Tulikaa ufuoni siku tisa, mimi na ndugu zangu na ndugu zake, tukiangalia maji kuanzia alfajiri hadi jua kuzama. Sijawahi kuangalia kitu kwa makini namna ile, na bado, kama nitakavyoeleza, sikukiona.

Kwetu Wajaluo mtu aliyepotelea majini asipoonekana, hukatwa tunda la mti wa yago. Ni tunda refu na zito, linaning'inia kama mchi. Linalazwa jenezani, linaliliwa, linazikwa badala ya mtu, ili marehemu apate pa kulala na nyumba ipate kuendelea. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo tangu utoto na sikuliona baya, kwa sababu lilikuwa la watu wengine. Siku ya kumi baba zangu wadogo waliniita nyumbani, kule upande wa Asumbi, wakaniambia tunda limeshatafutwa. Nilisimama mbele yao na mbele ya katekista nikasema mke wangu si mboga. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Nilimwambia mama yangu kwamba siku tunda litakapoingizwa katika boma mimi sitakuwapo, nikachukua sanduku la treni, nguo zangu na stovu, nikaondoka.

Watu walidhani nina huzuni. Nilikuwa na hasira. Niliona wanataka kumaliza upesi, wale nyama ya matanga, warudi mashambani. Na zaidi ya hasira kulikuwa na jambo la kitoto ambalo sikumwambia mtu: maadamu hajazikwa, hajafa. Nilikuwa mtu mzima, karani, mwenye muhuri, na nililiamini hilo kama mtoto anavyoamini kwamba akifumba macho haonekani.

Suna nilipata kazi ya kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Meli nayo ilikuwa imepunguza safari, kwa hiyo sikuacha kitu kikubwa nyuma. Niliuchagua mji huo wa Migori, ambao sisi tunauita Suna, kwa sababu ukiwa pale huoni ziwa. Kuna mto, lakini mto haukunisumbua. Mto una haraka zake, unapita. Nilipanga chumba katika ploti ya mama mmoja wa Kisii aliyefanya biashara ya ndizi, Msabato wa kweli kweli, na kwa kuwa hakujua Kijaluo na mimi sikujua Kikisii, tuliishi kwa Kiswahili. Aliniita Karani. Mimi nilimwita Mama, ingawa nadhani tulilingana umri.

Upweke wa kule sikuutarajia. Nilidhani upweke ni kukosa watu, kumbe dukani nilikuwa na watu mchana kutwa, wakitaka misumari, wakitaka bawaba, wakitaka mabati ya geji hii na ile. Upweke wenyewe ulikuwa saa kumi na moja jioni, nilipofungua mlango wa chumba na kukuta kikombe pale pale nilipokiacha. Kwa mke wangu vitu havikukaa mahali. Kule Suna nilikiacha kikombe makusudi pembeni mwa meza wiki nzima, na wiki nzima kilinisubiri pale pale. Nililia kwa ajili ya kikombe, jambo ambalo sikulifanya ufuoni.

Ndipo nilipolitoa sanduku. Nilinunua ubao mmoja wa plaiwudi, futi nane kwa nne, nikautandika juu ya meza mbili, nikaamua kufanya kazi ambayo hakuna mtu aliyeifanya: nitaipeleka reli Homa Bay. Niliilaza kuanzia upande wa Kendu, ikipita chini ya kilima cha Asego, ikaishia gatini mbele ya dirisha langu. Vilima nilivifinyanga kwa magazeti ya zamani na uji mzito wa unga wa muhogo. Ulikuwa ubunifu mzuri hadi panya walipougundua, wakaila Asego kuanzia kileleni, nikalazimika kuijenga upya na kuipaka sumu. Miti nilikata madodoki yaliyokauka nikayachovya katika rangi ya kijani. Udongo ulikuwa majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakaanikwa, yakanyunyizwa juu ya gundi. Nilijenga kibanda cha tikiti kwa vijiti vya kiberiti. Kila Jumapili nilikuwa mezani. Baada ya Jumapili kumi na nne treni ilikuwa inafika Homa Bay, inapiga breki, inarudi.

Kilichobaki ni ziwa. Mbele ya gati niliacha bonde la plasta, upana wa sinia mbili, na likabaki jeupe. Kila treni ilipofika, ilifika kwenye shimo.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mvivu. Nilichukua rangi ya mafuta ya buluu, ile ya kung'aa ya milango, nikapaka. Fundi mmoja wa dukani aliyekuja kuona akasifu sana, akasema ni kama kalenda. Alisema kweli, na kwa sababu hiyo nikaikwangua siku iliyofuata. Maji hayana rangi ya buluu. Mtu aliyekaa miaka tisa akitazama ziwa kupitia dirisha la tikiti anapaswa kulijua hilo bila kuambiwa.

Jaribio la pili nilikata kioo cha dirisha kwa umbo la ghuba. Kukata kioo kwa mistari iliyonyooka ni kazi ya dukani ya kila siku, lakini kukata ufuo ni kazi nyingine, na nilivunja vitatu kabla ya kupata kimoja. Nilikipaka kijani kwa chini, nikakilaza, nikakizungushia mchanga kando ili kingo zisionekane. Kwa mbali kilipendeza. Nilipoinama kulitazama gati kwa karibu niliona uso wangu, na juu ya uso wangu balbu ya chumba. Nilikiinua siku hiyo hiyo nikamwuzia mtu kwa ajili ya fremu ya picha.

Jaribio la tatu ndilo mwenye nyumba wangu atalikumbuka hadi leo. Mbuta ana kifuko cha hewa tumboni, kinene na cheupe, na kule ziwani kila mtu anajua kwamba ukikichemsha unapata gundi. Nikawaza: gundi ile ikipoa huwa kama maji yaliyosimama. Hakuna kitu cha dukani kinachong'aa vile. Tena ni kitu kilichotoka ziwani, kwa nini kisirudi kuwa ziwa? Nilipeleka mfuko kwa wachuuzi sokoni nikapata vifuko kama ishirini, nikavikata vipande vidogo, nikaviloweka, na Ijumaa jioni nikaviweka kwenye stovu kwa moto mdogo. Sikufikiria siku. Jumamosi asubuhi vilikuwa bado vinachemka polepole.

Mama mwenye nyumba alirudi kutoka kanisani na wageni, akasimama mlangoni kwangu na kitambaa puani.

"Karani, hii kitu unapika ni nini?"

"Ni gundi, Mama."

"Gundi gani inanuka hivi? Leo ni Sabato. Watu ya Mungu wametoka kanisa wanakuja kukula kwa nyumba yangu, halafu wewe unachemsha maiti!"

Alisema tu, kama watu wanavyosema. Hakujua. Nilizima stovu, nikaomba radhi, nikafunga mlango, nikakaa juu ya kitanda nikiiangalia sufuria. Sikumchukia. Nilijichukia mimi kwa sababu kwa muda mfupi nilikuwa nimeiamini sufuria ile.

Lakini nilimimina. Baada ya kuchuja kwa kitambaa mara tatu, nilimimina gundi katika bonde la plasta, vuguvugu, na sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Ilitulia. Ilishika kingo za ufuo kama maji yanavyozishika. Chini yake plasta ilionekana kana kwamba iko mbali. Kwa siku mbili nilirudi kutoka kazini mbio kama mtu aliyeacha mgeni nyumbani. Siku ya tatu joto lilipanda, ziwa langu likaanza kukauka na kujikunja kwa ndani. Kumbe gundi ya samaki inapokauka hupungua, na inapopungua haiachii kilichoshikamana nayo. Iling'oa ufuo. Iling'oa nguzo mbili za gati na nusu ya kibanda cha tikiti, ikavivuta katikati. Kisha sisimizi wakaja, halafu nzi.

Mama mwenye nyumba alikuja tena, safari hii bila hasira, akasimama akaitazama meza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona kwa karibu.

"Sasa hii ndio ilikuwa inanuka?"

"Ndiyo."

"Hii treni inatembea?"

Nilimtembezea. Alicheka kwa furaha kabisa, akasahau kitambaa. Halafu akaniuliza, "Na hapa kwa maji, ulikuwa unataka kuweka nini?"

"Hakuna. Maji tu."

"Mbona basi ulikuwa unaiangalia hivyo? Siku hizo mbili nimekuona kwa dirisha. Umeinama hapa mpaka chai inapoa." Kisha akauliza, "Wewe uko na bibi, Karani?"

"Niko naye."

"Ako wapi?"

"Ako Homa Bay."

"Mbona haji kukuona?"

Nikasema ana kazi nyingi. Alinitazama kidogo, akaenda, na jioni yake akaniletea ndizi zilizopikwa, ambazo nilizila nikiwa nimesimama, kwa aibu.

Swali lake lilikaa nami. Nilikuwa naangalia nini? Ukweli nilioujua ni huu, na niliuona siku ile nilipokuwa nikibandua gundi kwa patasi. Sakafu ya lile ziwa niliichonga kwa mikono yangu. Kila jiwe nililiweka mimi, kila kipande cha mchanga. Lilikuwa ndilo ziwa pekee duniani ambalo nilijua kwa hakika kwamba hakuna mtu ndani. Nilitaka maji yaonekane ya kweli, halafu niyatazame hadi chini, nisimwone, nipumzike. Hata kwa mtu mkaidi hilo lilikuwa jambo la ajabu kulikubali. Na kulikuwa na lingine baya zaidi: Mfangano ni kisiwa. Hata nchi ile niliyojitungia mwenyewe, yenye reli hadi gatini, isingemsaidia. Bado angepanda mashua kwenda kununua samaki.

Mtu mwingine angeacha hapo. Mimi nilianza upya, na safari hii nikafanya vizuri. Nilijifunza kwamba maji hayatengenezwi juu, yanatengenezwa chini. Unapaka sakafu kwanza: karibu na ufuo rangi ya mchanga uliolowa, kisha kahawia, kisha kijani iliyochafuka, na pale penye kina karibu nyeusi, ukizichanganya rangi kabla hazijakauka ili jicho lisione mahali mchanga unapokwisha. Kisha vanishi, ile angavu ya samani, iliyopunguzwa kwa tapentaini. Si kumimina. Unapaka tabaka jembamba, unangoja siku mbili, unapitisha msasa laini, unapangusa vumbi, unapaka tena. Ukiharakisha inafanya ukungu. Tabaka la mwisho unalidonoa kwa ncha ya brashi kuukuu, upande mmoja tu, upande upepo unapotoka, na hapo mawimbi madogo yanatokea. Niliijaribu kwanza juu ya kipande cha plaiwudi. Mteja aliyekiona kwenye kaunta alikigusa, akaangalia kidole chake kama kimelowa.

Ufundi nilikuwa nao, basi. Nilichanganya rangi katika mifuniko ya makopo, nikachukua brashi, nikainama juu ya bonde jeupe, nikagundua kwamba sikumbuki. Maji pale gatini asubuhi yalikuwa na rangi gani? Miaka tisa nilikuwa nikitazama watu na mizigo na saa. Siku tisa nilitazama maji peke yake, lakini nilikuwa nikitafuta leso nyekundu aliyojifunga siku ile, na mtu anayetafuta nyekundu haoni kitu kingine. Nilijaribu kahawia, nikafuta. Nilijaribu kijivu, nikafuta. Kwa wiki tatu nilipaka na kufuta, na mwishowe nikaomba ruhusa ya siku mbili dukani, nikachukua karatasi na mifuniko yangu ya rangi, nikaenda Homa Bay kuangalia maji.

Hakukuwa na maji. Nilisimama gatini nikadhani nimepotea. Kutoka miguuni mwangu hadi mbali kabisa ghubani lilikuwa shamba la kijani, majani mapana yanayong'aa, maua ya zambarau, ndege wakitembea juu yake kwa miguu. Nilikuwa nimesikia habari za magugu maji dukani, lakini nilikuwa mtu wa kukata maneno ya ziwa yasinifikie. Mashua zilikuwa zimenaswa humo kama ng'ombe kwenye matope. Nilijiona mjinga na mifuniko yangu ya rangi. Ziwa langu nililimaliza miezi mingi baadaye, na nililimaliza hivyo hivyo nilivyolikuta siku ile: unga wa mbao uliotiwa kijani, umemwagwa juu ya gundi ya kawaida, robo saa tu. Mtu akitaka maji ya kweli ya Homa Bay ya miaka ile, vanishi ya nini?

Karibu na kibanda changu cha zamani, ambacho kilikuwa kimefungwa, aliketi mwanamke aliyekuwa akichuuza samaki pamoja na mke wangu. Sasa aliuza nyanya. Aliniona kabla sijaamua kama nimsalimie. Tulizungumza Kijaluo, nami nayaandika maneno yetu kwa Kiswahili.

"Yuora," aliniita, yaani shemeji, kama alivyoniita siku zote. "Umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kuangalia maji."

"Maji?" Alicheka kidogo. "Ungekuja mwaka juzi. Sasa hata sisi tunayasikia tu."

Nikamwuliza, na hata nilipokuwa nikiuliza nilijua naonekana vipi, kama anakumbuka maji hapa gatini asubuhi yalikuwa na rangi gani. Alifikiri kwa dhati. "Sikumbuki," alisema. "Nilikuwa nimeinama nikipanga samaki. Wewe ndiye uliyekuwa umekaa dirishani." Kisha akauliza, "Nyumbani hawajambo? Umefika lini?"

"Sijafika."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zile."

Aliacha kupanga nyanya. "Hujafika kabisa, yuora?"

"Nikafanye nini? Nikazike tunda?"

Alinitazama vile mtu anavyomtazama mwenzake aliyechanika suruali kwa nyuma naye hajui. Mwishowe akasema, "Nenda nyumbani. Usirudi Suna. Nenda leo hii," akanifungia nyanya katika gazeti nimpelekee mama yangu, na hakutaka kusema zaidi.

Njia yote nilijitayarishia maneno. Niliyapanga vizuri: kwamba nimekuja kusalimia tu, kwamba suala la tunda lisiguswe, kwamba mtu asinitumie mtu tena dukani na lile neno la "mama yako anakuita". Kila aliyepita Suna alinijia na neno hilo, na kila mmoja nilimkata kabla hajamaliza. Nilifika boma letu jua likiwa bado juu. Mama alikuwa mbele ya nyumba yake akipepeta mtama. Alisimama. Nilimnyoshea mkono, naye akaiweka mikono yake nyuma.

"Bado, nyathina," alisema. Mwanangu. "Anzia kule."

Sikuelewa. Kwetu mtu akikosa mazishi, siku atakayofika hasalimiwi kwanza. Anakwenda kaburini, analia, ndipo anapewa mkono na maji ya kunywa. Kila mtu anajua hivyo. Nilijua hivyo. Nilisimama pale na nyanya zangu, nikimtazama, nikaona amejifunga leso ya mke wangu, ile ya njano aliyoiacha nyumbani kwetu Krismasi. Nguo za marehemu hugawiwa baada ya matanga. Hazigawiwi kabla.

Nilizunguka hadi nyumba yangu. Upande wa kushoto, mahali pa mke, palikuwa na kaburi. Sikuona tuta. Udongo ulikuwa umekwisha kushuka na kukaa sawa na ardhi, majani yalikuwa yameota, yakafyekwa, yakaota tena. Palikuwa pamefagiwa. Msalaba wa mbao ulikuwa umeanza kupauka kwa jua.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu.

"Lini?" nilimwuliza.

"Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka. Tungemwacha nje hadi hasira zako ziishe?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Nimekuita miaka miwili. Neno kama hilo nilitume kwa mtu wa basi?" Aliunyosha msalaba. "Mdogo wako alitupa udongo mara mbili. Mara ya pili alisema ni wako."

Hasira ndiyo iliyotangulia, kama kawaida yangu. Nilitaka kuchimba. Nilitaka kuwaonyesha wote tunda lililooza na kuwauliza kama huyo ndiye. Kisha hasira ikakosa mahali pa kusimama, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Walikwisha kulia. Walikwisha kuimba, wakala, wakafua nguo, wakagawana leso zake, wakalima misimu minne. Walikuwa wanamtaja kwa utani tena, bila shaka, jinsi alivyonicheka. Msiba wake ulikuwa umepita kwa watu wote ila mimi, na mimi niliyedhani ninamzuia asife nilikuwa nimekaa peke yangu mjini nikimzuia mtu aliyekwisha kulazwa nyumbani. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo.

Wanawake wa boma la jirani waliisikia. Walikuja mbio wakijifunga viuno, mmoja na mikono ya unga, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyekufa. Walipiga nduru, wakamwita mke wangu kwa jina, wakamlaumu kwa kutuacha, wakalia machozi ya kweli, kana kwamba amekufa asubuhi ile. Kwangu mimi alikuwa amekufa asubuhi ile. Walipotulia, mama alinipa mkono, akanisalimu, akaniuliza habari za Suna.